Moshi kwa siku mbili kabla ya vuli

Ukitaka kwenda Moshi kupumzika mwisho wa wiki, nenda kati ya Septemba na mwanzo wa Novemba. Baridi ya Juni na Julai imeshaondoka, pamoja na lile wingu zito linalojilaza juu ya mji siku tatu mfululizo mgeni akaondoka bila kuuona Mlima Kilimanjaro. Vuli bado haijakolea, kwa hiyo njia za mlimani hazitelezi sana. Kahawa inavunwa, jakaranda zinachanua kuanzia Oktoba, na gesti bado zina vyumba. Ukisubiri Desemba utakutana na Wachaga wa nchi nzima wanaorudi nyumbani kula Krismasi. Kuanzia tarehe 20 hivi tiketi ya basi inatafutwa kwa tochi, na chumba cha kawaida kinauzwa kama cha hotelini.

Wengi wanaorudi wakilalamika wamekosea jambo moja: wamepanga safari kwa majina. Wamesikia Materuni, Chemka, Marangu na Ziwa Chala, wakavibana vyote kwenye Jumamosi moja, wakaishia kuangalia barabara. Huku mambo yanaamuliwa na mwinuko na saa. Asubuhi ni ya kupanda mlimani, joto la mchana ni la kukaa kwenye maji huko bondeni, na siku moja inatosha upande mmoja tu. Materuni, kijiji chenye maporomoko, iko kaskazini ya mji na Chemka, chemchemi za kuogelea, iko kusini magharibi. Anayezifunga pamoja siku moja hufika Materuni saa tano wakati makundi yameshajaa, na Chemka saa kumi wakati maji yameshachafuliwa na miguu ya watu mia.

Kufika Ijumaa

Kutoka Arusha ni kilomita 80 hivi. Kwenye ramani ni saa moja. Barabarani ni saa moja na nusu mpaka mbili, kwa sababu Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti na Boma Ng'ombe kote kuna kibao cha 50, na trafiki kakaa kivulini na tochi yake ya kupimia mwendo. Faini ni 30,000, na kwa kiasi hicho watu wawili wanakula mbuzi vizuri. Asiye na gari apande kosta stendi. Zinaondoka zikijaa, kwa hiyo usikubali kuingia kwenye iliyo tupu kwa sababu tu konda amekubebea begi. Pigia hesabu vichwa kwanza.

Kutoka Dar ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Kama kazini hawakupi ruhusa ya Jumatatu, ahirisha, maana utakuwa umekuja kulala na kugeuza. Treni ya abiria ya Dar hadi Moshi, iliyorudishwa mwaka 2019, inasafiri usiku na kukufikisha asubuhi, ila haiondoki kila siku. Angalia ratiba kabla ya kumuahidi mtu.

Jitahidi ufike kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mlima hauonekani muda wote. Jua likipanda, unyevu wa msitu ulio kwenye miteremko unapanda nao, unapoa na kuwa wingu, na kuanzia saa tatu au nne asubuhi Kibo, kilele kikuu, imefunikwa. Jioni joto likipungua wingu linashuka, na kilele cha mita 5,895 kinatokea juu yake kama kimening'inizwa. Una nafasi mbili kwa siku: tangu alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, na ile saa moja kabla ya giza. Anayelala mpaka saa nne atakuambia mlima haupo.

Chumba: mjini au mlimani

Mlima uko kaskazini ya mji. Ukipiga simu kuuliza chumba, ulizia dirisha linaloangalia kaskazini, ghorofa ya juu. Usiulize kama "mnaona mlima", kwa kuwa jibu ni ndiyo kila mahali, hata kama ni kwa kupanda juu ya tangi la maji.

Karibu na stendi kuna gesti nyingi na bei ni nafuu. Unalipia kwa kelele za wapiga debe kuanzia saa kumi alfajiri. Shanty Town kuna miti mikubwa na utulivu, na bei inalingana na utulivu huo. Katikati ya hizo mbili, mitaa ya Rau na Soweto ina nyumba za wageni zinazofaa familia, na bajaji ya kwenda mjini ni ya dakika chache. Ukilala Rau na una saa mbili za kupoteza jioni, msitu wa Rau uko hapohapo pembeni: tambarare, wenye kivuli, mzuri kwa wazee na watoto ambao hawataki kupanda kitu.

Kulala Marangu au Uru ni jambo jingine. Kuna baridi, kimya, na harufu ya moshi wa kuni unaopita kwenye migomba. Hesabu yake ni rahisi: kila ukipanda mita 100 joto linapungua kwa karibu nyuzi 0.6. Mji uko kwenye karibu mita 900. Geti la Marangu liko karibu mita 1,870. Hapo ni pungufu ya nyuzi sita hivi, na usiku unazisikia zote sita. Ulizia mablanketi mawili kwa kitanda. Mbu ni wachache huko juu, lakini mjini usikubali chumba chenye neti iliyotoboka.

Kabla ya kulipa, fanya ukaguzi huu mwenyewe, si kwa kuambiwa:

Fungulia bomba la maji ya moto dakika mbili nzima. Hita nyingi ni zile za juu ya bomba la mvua. Maji yakiwa na nguvu ndogo haziwaki, na mhudumu atakuambia "ukifungua kidogo yanapata moto". Kufungua kidogo maana yake ni kuoga kwa kudondoshewa.

Uliza baa iko wapi. Siyo kama ipo. Jumamosi usiku muziki unapigwa mpaka saa nane, na chumba kilicho nyuma ya spika hakina dawa.

Uliza "selfu" maana yake nini kwao. Kwa kawaida ni chumba chenye choo na bafu ndani, lakini kuna sehemu bafu liko ndani na choo kiko koridoni.

Uliza muda wa kutoka. Gesti nyingi ni saa nne asubuhi. Kama Jumapili unakwenda kuogelea, omba mizigo ikae mapokezi, na omba leo, kwa mtu atakayekuwepo kesho.

Mwisho, chai. Ikiwa imo kwenye bei, inaanza kuandaliwa saa moja na nusu. Wewe unatakiwa kuwa njiani saa moja kamili. Waambie usiku wakufungie mayai na maandazi. Hawakatai, ila asubuhi hawana muda wa kukusikiliza. Na beba kitambulisho, kwa sababu kitabu cha wageni kinajazwa kila mahali.

Jumamosi: Materuni

Kijiji cha Materuni kiko Uru Mashariki, kilomita kama 15 juu ya mji. Daladala za huko zinaondoka mjini zikijaa na zinapanda polepole. Ukiwa na haraka au mko wanne, kukodi gari la kwenda, kungoja na kurudi kunalipa. Bodaboda inawezekana, lakini mteremko wa kurudi ni mkali, na breki za pikipiki nyingi si za kuamini.

Kijijini unaandikishwa, unalipa kiingilio na unapewa kijana wa kuwaongoza. Wasalimie wazee shikamoo kabla ya kutoa simu kupiga picha. Njia inapita uani kwa watu, kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, na mtu anayepitisha mguu wake kwenye shamba la mwenzake bila salamu anajulikana ni wa namna gani. Elewaneni kila kitu hapo mwanzo: kiingilio ni kiasi gani, mwongozaji analipwa kiasi gani, kahawa imo au ni bei yake peke yake, chakula kimo au la. Ugomvi mwingi wa huko unatokea saa nane mchana, watu wakiwa wamechoka na kila mmoja anakumbuka bei tofauti. Beba noti ndogo za 1,000, 2,000 na 5,000, kwani chenji ya 10,000 huko juu inatafutwa nyumba tatu.

Kupanda mpaka kwenye maporomoko ni dakika 40 mpaka saa moja, kutegemea mnatembea na nani. Nusu ya kwanza ni njia pana ya gari, imepanda kidogo. Kisha inakuwa nyembamba, upande mmoja ni ukuta wa udongo na upande mwingine ni korongo lenye migomba chini kabisa. Mtoto wa chini ya miaka sita ashikwe mkono wa upande wa ukuta. Hatua za mwisho, unaposhuka kwenda kwenye maji, ndizo zinazoangusha watu: mawe yana ukungu wa kijani na rasharasha haikauki mwaka mzima. Kandambili zinafaa kwa bafuni. Vaa raba zenye meno, na anayependa kutembea na ndala azibebe begini kwa ajili ya kuogea.

Maji ni ya baridi kweli. Yanatoka msituni juu na hayajapata muda wa kupigwa na jua. Ingia polepole, lowesha kifua na shingo kwanza. Anayeruka moja kwa moja hupoteza pumzi, na kelele ya maji ni kubwa kiasi kwamba akiita hasikiki. Usikae chini kabisa ya maporomoko hata kama picha inapendeza: yanashuka na vijiti na mara nyingine jiwe. Ikiwa jana usiku mvua ilinyesha juu na maji yana rangi ya chai, angalieni kwa mbali mrudi.

Ukifika saa mbili na nusu mtakuwa peke yenu au na watu wachache. Saa tano inageuka sokoni.

Mkirudi kijijini, kahawa inachukua saa moja na nusu. Usikubali ifupishwe, maana msimu huu ndio pekee ambao utaona hatua zote, kuanzia buni mtini mpaka kikombe. Unachuma zilizoiva nyekundu tu. Ya kijani ikichanganyika kikombe kinakuwa na ukali wa nyasi. Zinapitishwa kwenye mashine ndogo ya mkono inayomenya ganda jekundu. Zinalowekwa siku moja au mbili ule ute uachie, zinaoshwa, kisha zinaanikwa kwenye kichanja wiki moja au mbili, zikigeuzwa kila mara zisivunde upande wa chini. Hapo mwenyeji anakutolea zilizokwishakauka tangu wiki iliyopita, kwani usingeweza kungoja, na unapewa mchi. Kuzitwanga ni kwa kupiga kwa uzito wa mchi wenyewe, bila kulazimisha. Lengo ni kuvunja ganda kavu, siyo kusaga. Zinapepetwa kwenye ungo, zinakaangwa kwenye chungu juu ya kuni, na hapa ndipo wageni wanapoharibu: wanaacha kukoroga kupiga picha. Buni zinaungua upande mmoja ndani ya nusu dakika. Koroga bila kusimama mpaka usikie zinapasuka tap-tap kama bisi, subiri zipate rangi ya chokoleti, epua mara moja na umwage kwenye ungo, kwa kuwa zikibaki kwenye chungu cha moto zinaendelea kuiva zenyewe. Kisha kinuni tena, chujio, na maji yanayochemka.

Ukinunua ya kwenda nayo, chukua buni zilizokaangwa, usichukue za unga. Unga hupoteza harufu ndani ya siku chache. Buni nzima zinakaa wiki kadhaa kwenye chombo kinachofunga. Na uliza zilikaangwa lini. Kama mwuzaji anafikiri kabla ya kujibu, omba mfuko mwingine.

Kwa wenye miguu na mapafu

Kuna wanaotaka kusema wamekanyaga Kilimanjaro. Kwao Jumamosi nzima iende Marangu: daladala kupitia Himo hadi Marangu Mtoni, kisha gari jingine mpaka getini. Kutoka geti kupanda mpaka Mandara, kambi ya kwanza ya njia hiyo, mita 2,720, ni saa tatu hivi ndani ya msitu, na kushuka ni mbili. Mbega weusi wenye mikia myeupe wanaonekana mara nyingi saa za asubuhi. Ukiwa na nguvu bado, kreta ya Maundi ni robo saa zaidi. Mwongozaji aliyesajiliwa ni lazima. Mtanzania ana kiwango chake na mgeni ana chake, na getini hawapokei fedha taslimu: unapewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu au kadi. Hakikisha pesa iko kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, na simu ina chaji. Anza kupanda kabla ya saa tatu. Beba koti la mvua hata kama mjini ni jua kali. Mandara ni pungufu ya nyuzi kama 11 kulinganisha na mjini, na ukungu wa saa nane hauombi ruhusa.

Asiyetaka kupanda lakini yuko Marangu, aende Kinukamori. Ni maporomoko madogo karibu na Marangu Mtoni, ngazi zipo, nusu saa inatosha.

Ziwa Chala lina sura ya kupendeza kweli, maji ya buluu ndani ya shimo la volkano mpakani na Kenya. Lakini ni mbali, na kwa wikiendi ya siku mbili linakula siku nzima kwa ajili ya kutazama tu. Tunasema kutazama tu, kwa sababu hatushauri mtu kuogelea humo. Liache kwa safari nyingine.

Kula

Moshi asubuhi ni mtori. Unauzwa kwenye migahawa midogo kama supu, na kufikia saa nne umekwisha au umekuwa mzito kama uji wa mtoto. Mtori mzuri ni mwepesi kiasi kwamba unaanguka wenyewe ukigeuza kijiko, una rangi ya maziwa yaliyochujuka, na nyama imo kwa nyuzinyuzi. Ukiwa na rangi ya kahawia, ndizi zilikaa nje ya maji baada ya kumenywa. Ukiwa na utamu, ndizi zilikuwa zimeanza kuiva.

Waliokodi nyumba yenye jiko waupike, si kazi. Kwa watu wanne: nyama ya ng'ombe ya mifupa robo tatu ya kilo, ndizi mshare kumi na mbili, kitunguu kimoja kikubwa, chumvi, samli kijiko kimoja cha chakula. Sokoni taja jina: mshare, ile nyembamba ndefu. Ndizi nyingine za kupika zinaacha madonge. Chemsha nyama na chumvi kwenye lita mbili za maji mpaka iachie mfupa, saa moja na kidogo. Wakati huo paka mikono mafuta, maana utomvu wa ndizi hauondoki kwa sabuni, menya ndizi na zitumbukize moja kwa moja kwenye sufuria ya maji. Toa nyama, weka ndizi na kitunguu kwenye mchuzi, zichemke dakika 20 mpaka 25. Ziponde kwa mwiko zikiwa za moto. Zikipoa hazilainiki tena. Rudisha nyama uliyoichambua, ongeza maji ya moto kidogokidogo mpaka upate wepesi ule, weka samli, zima. Nyanya haziingii. Anayeweka nyanya anapika kitu kingine, huenda kitamu, lakini si mtori.

Mchana omba machalari, ndizi na nyama visivyopondwa, au kiburu, ndizi na maharage vilivyosongwa pamoja. Kiburu hakipatikani kila mgahawa. Kikipatikana ni cha nyumbani. Huko Materuni chakula cha mchana mara nyingi ni ndizi, na ni vizuri kuagiza kabla ya kupanda kwenye maji, siyo mkishuka na njaa.

Jumamosi jioni ni nyama choma. Hapa mgeni hupoteza pesa kwa mambo mawili: kutochagua na kutowahi. Nenda kwenye dirisha la bucha la baa mwenyewe. Onyesha kipande kwa kidole, mbavu au paja la mbele kwa mbuzi, tazama kinavyopimwa, na kumbuka kilo inapimwa ikiwa mbichi na mifupa. Ikitoka motoni imepungua sana. Kwa mbuzi hesabu nusu kilo kwa mtu mzima. Kisha subira: nyama iliyochomwa vizuri inataka dakika 45 mpaka saa nzima kwenye moto wa makaa uliotulia. Ukiikimbiza unaletewa iliyoungua nje na damu ndani. Kwa hiyo agiza saa kumi na moja na nusu, utazame mlima ukifunguka, ule giza likiingia. Ndizi za kuchoma ziagizwe nyama ikiwa karibu, la sivyo zinafika ngumu kama kuni. Kachumbari iwe na pilipili pembeni, si ndani, kama mna watoto.

Mbege ni ya mlimani na ya mchana. Inatengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuchachushwa siku kadhaa, magome ya msesewe yanayotia uchungu, na ulezi uliooteshwa ukasagwa. Inatolewa kwenye kata ya kibuyu na kata inazungushwa. Iliyochanganywa leo ina utamu na uzito wa uji. Ya jana imekuwa kali na chachu. Uliza ni ya lini kabla ya kuonja. Onja kwanza, kisha agiza. Inaingia taratibu kwa sababu ya uzito wake, na watu husahau kuwa ni pombe mpaka waliposimama, kwa hiyo dereva na wenye kurudi kwa bodaboda wakae pembeni.

Jumapili: Chemka

Jina lake la ramani ni Kikuletwa, watu wanasema Chemka au maji moto. Jina la pili linadanganya: maji ni ya uvuguvugu, yanafaa kukaa saa mbili bila kutetemeka wala kutoa jasho. Yanabubujika kutoka chini ya mizizi ya mikuyu, meupe mpaka unaona mchanga ukicheza chini, na samaki wadogo wanakuja kudonoa ngozi ya miguu. Watoto hupiga kelele mara ya kwanza, kisha hawataki kutoka.

Njia inaanzia Boma Ng'ombe, kilomita 25 hivi kutoka Moshi kwenye barabara ya Arusha, halafu unaacha lami kuelekea kusini. Msimu huu kipande hicho ni vumbi jepesi kama unga wa sembe. Pandisha vioo kabla ya kuona gari linalokuja, siyo baada. Kwa bajaji au boda kutoka Boma, patana bei ya kwenda na kurudi pamoja na kungoja, ulipe nusu; ukilipa yote unaweza kurudi na kukuta kapata abiria mwingine. Gari dogo linafika, ila mwendo ni wa kusoma mashimo. Fungeni nguo safi na simu kwenye mfuko wa nailoni, kwani vumbi linaingia hata kwenye zipu.

Ufike saa tatu asubuhi. Baada ya saa sita mabasi ya vijana na spika zao yanafika, na kelele hiyo haitatulizwa na samaki. Ndani ya maji zingatieni haya: kina kinabadilika ghafla, hatua moja mchanga na hatua inayofuata hakuna chini. Upande maji yanakotoka kuingia mtoni kuna mvuto, mdogo lakini wa kudumu. Asiyejua kuogelea anasukumwa bila kujua. Kodini matyubu kwa watoto, na mtu mzima mmoja asiingie majini kazi yake iwe kuhesabu vichwa. Kwenye kamba ya kubembea, watazameni wenyeji wawili wakiruka kwanza muone wanaachia wapi. Wanaoumia ni wale wanaochelewa kuachia wakarudi nayo kwenye mizizi. Msifuate mto kwenda chini kutafuta sehemu ya faragha. Maji haya yanaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, na huko mbele mna wenyeji wengine wenye meno, yaani mamba.

Chakula pale kipo, chipsi na kuku hasa, lakini kuku akianza kukaangwa unapoagiza ni saa nzima. Agiza ukiingia, ule ukitoka. Au subiri Boma Ng'ombe, ambako nyama choma ni ya kila siku.

Waliotoka Arusha wana nafasi moja ya ziada. Ukiondoka Chemka saa saba utakuwa Tengeru kabla ya saa kumi, na Ziwa Duluti liko hapo karibu na barabara, ndani ya msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Njia ya kulizunguka ni ya saa moja hivi, tambarare, kivuli mwanzo mwisho, na kenge wakubwa hujianika kwenye magogo ya ukingoni. Wana haraka kuliko wanavyoonekana, waacheni. Ni matembezi ya kunyoosha miguu baada ya vumbi. Tokeni kabla ya saa kumi na mbili; ukifika barabarani daladala za kwenda mjini ni nyingi, ila Jumapili jioni zinatoka Usa zimeshajaa, na mwenye begi kubwa anaachwa. Vukeni barabara, mrudi mpaka Usa mpandie huko zinakoanzia. Nauli inaongezeka kidogo tu, na mnakaa.